Kitabu Chenye Mkono wa Mwandishi: Mwongozo Kamili wa Kukusanya Vitabu vya Siasa na Ulinzi Vilivyosainiwa

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua karanga stendi ya mabasi, zimefungwa kwenye ukurasa wa kitabu. Nilipomaliza kula nikakunjua karatasi. Upande mmoja kulikuwa na jina la kitabu cha siasa, nusu limechanika. Upande wa pili kulikuwa na mistari mitatu ya wino wa bluu: "Kwa Ndugu", kisha mahali pa jina pamechanwa, kisha "kwa kumbukumbu ya kazi yetu ya Kusini, 1975." Nilirudi kwa muuzaji mbio. Kitabu chenyewe kilikuwa kimekwisha. Alikinunua kwa kilo pamoja na magazeti, kutoka kwenye nyumba iliyokuwa imemzika mzee wake.

Mpaka leo sijui Ndugu yule alikuwa nani. Kusini, mwaka 1975, mwaka Msumbiji ilipopata uhuru wake tarehe 25 Juni, wakati wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi cha Msumbiji, walikuwa wamepata mafunzo kwa miaka mingi kule Nachingwea, kusini mwa Tanzania: mistari ile ingeweza kuwa ushahidi wa jambo kubwa. Ndiyo maana naandika mwongozo huu. Vitabu vya siasa na ulinzi vya kizazi cha uhuru vimo majumbani mwetu, vingi vimesainiwa na wenyewe, na vinapotea kila arobaini ya mzee inapokwisha na watoto kuanza kusafisha chumba chake.

Kwanza, jiwekee mpaka

Anayekusanya kila kitu huishia na marundo. Chagua eneo dogo ulijue mpaka majina ya watu wa pembeni. Langu ni vitabu vilivyoandikwa, kuchapwa au kukabidhiwa Dar es Salaam kuanzia 1961 hadi Mwalimu Nyerere alipong'atuka urais mwaka 1985. Eneo hilo lina utajiri kwa sababu inayojulikana: Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, ilikuwa na makao yake Dar kuanzia 1963 hadi 1994, na vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika vilikuwa na ofisi zake mjini hapa. Mwandishi, mwanajeshi na mwanasiasa walikuwa wakikutana, na vitabu vilikuwa vikipita mkono kwa mkono.

Wewe unaweza kuchagua kumbukumbu za waliokuwa msituni na vizuizini wakati wa Mau Mau. Unaweza kuchagua Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, au maasi ya kijeshi ya Januari 1964 yaliyoanzia kambi ya Colito, Dar es Salaam, na baada yake jeshi la Tanzania, JWTZ, likaundwa upya Septemba mwaka huohuo. Unaweza hata kuchagua mchapishaji mmoja, kama Tanzania Publishing House au East African Publishing House ya Nairobi, na kufuata alichotoa katika mwongo mmoja. Ukishachagua, tengeneza orodha ya vitabu kabla ya kununua hata kimoja.

Pili, jua unachokitazama

Watu husema "kitabu kimesainiwa" kana kwamba ni kitu kimoja. Tofautisha. Tabaruku ni maneno ya kumtunukia mtu kitabu yaliyochapwa kiwandani, imo katika kila nakala, na haiongezi chochote. Sahihi tupu ni jina la mwandishi bila neno jingine. Mara nyingi imetoka kwenye foleni ya siku ya uzinduzi. Kisha kuna maandishi ya kukabidhi: mwandishi ameandika jina la anayempa, labda mahali, tarehe na sababu. Juu ya hayo kuna nakala ambayo anayepewa mwenyewe anahusika na habari ya kitabu: kamanda aliyepewa kitabu cha vita alivyopigana, waziri aliyepewa na mpinzani wake, mpiga chapa aliyepewa na mwandishi aliyemchapia.

Mimi huacha sahihi tupu ya mtu maarufu nikachukua maandishi ya kukabidhi ya mtu asiyejulikana sana. Jina linaweza kughushiwa na mtu mwenye mkono mwepesi. Uhusiano kati ya watu wawili, mahali na siku, ni mgumu mno kughushi, na ndio unaoongeza kitu kwenye historia.

Usidharau pia alama za msomaji. Mistari ya penseli pembeni, "si kweli" au "nilikuwepo", iliyoandikwa na ofisa mstaafu kwenye sura ya vita, kwangu ina uzito kuliko sahihi ya mwandishi mwenyewe, mradi ujue ni mkono wa nani.

Tatu, wapi pa kutafuta

Kwa wauza vitabu vya mtumba, waliotandaza kando ya barabara Dar, au wale wa katikati ya Nairobi ambao kwao lazima uiname, fika mara kwa mara na ujulikane. Waambie wazi: "Kikija kitabu chenye mwandiko ndani, niwekee." Wengi hudhani mwandiko unachafua kitabu na wengine huuchana ukurasa ili kiuzike. Walipe kidogo zaidi kwa kila kilichokuja kizima, na watabadilika.

Uwanja wenye kheri zaidi ni familia. Usiende msibani, wala siku arobaini hazijaisha. Nenda baadaye, na mtu wanayemfahamu, useme unachotafuta na unachoweza kulipa. Ukikuta maktaba nzima ya mzee, usichague vitatu ukaacha mia. Omba angalau uipige picha yote rafu kwa rafu kabla haijatawanyika, maana vitabu vilivyokaa pamoja vinaelezana.

Vitabu vingi vya aina hii viko nje. Walimu, madaktari na wataalamu wa Uingereza na nchi za Skandinavia waliofanya kazi huku miaka ya 1960 na 1970 waliondoka na zawadi za kuagwa, na leo warithi wao wanauza mtandaoni. Omba picha nne kabla ya kulipa: ukurasa wote wenye mwandiko, ukurasa wa haki za uchapishaji, mgongo wa kitabu, na mwandiko uleule ukimulikwa kutoka ubavuni. Muuzaji anayegoma kupiga ile ya nne, achana naye.

Na wapo wazee walio hai. Uzinduzi wa kitabu ni mahali pazuri, lakini bora zaidi ni barazani kwake baada ya miezi kadhaa, ukiwa umeshakisoma. Hapo haraka huharibu. "Shikamoo, Mzee." Ngoja marahaba, ulizia afya, zungumza naye juu ya sura moja uliyoisoma kweli. Kisha sema: "Naomba uniandikie humu neno moja juu ya siku ile, uweke mahali na tarehe." Usimwambie asaini tu. Mzee mmoja niliyemwomba hivyo alikaa na kalamu dakika kumi, akaandika mistari minane juu ya daraja walilovuka usiku, jambo ambalo halimo popote kwenye kitabu chake. Beba kalamu yako ya wino mweusi usiofutika kwa maji, na karatasi nyeupe ya kutenga kurasa mpaka wino ukauke.

Usiahirishe. Kitabu cha maisha ya Rais Mkapa kilizinduliwa Novemba 2019, naye akafariki Julai 2020. Nakala yoyote yenye mkono wake imeandikwa ndani ya dirisha la miezi minane.

Nne, chunguza kama mpelelezi

Hapa ndipo pesa hupotea, kwa hiyo tulia.

Swali la kwanza: mwandishi alikuwa hai? Linaonekana la kitoto, lakini limeniokoa zaidi ya mara moja. Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969 kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kwa posta. Kitabu chake mwenyewe juu ya vita vya Msumbiji kilitoka mwaka huohuo, yeye akiwa ameshazikwa. Nakala "iliyosainiwa na Mondlane" haiwezekani. Tom Mboya, waziri wa Kenya, aliuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Mkusanyo wa hotuba na maandishi yake wa mwaka 1970 hakuuona, ingawa kile cha 1963 alikisaini akiwa hai. Frantz Fanon, mwandishi wa mapambano ya Algeria, alifariki Desemba 1961, na tafsiri ya Kiingereza ya kitabu chake cha mwisho ikaja baadaye. Tengeneza jedwali: mwandishi, tarehe ya kila toleo, tarehe ya kifo. Libebe kwenye simu.

Swali la pili: alikuwa wapi siku hiyo? Jomo Kenyatta alitoa kitabu chake London mwaka 1938, akakaa Uingereza hadi 1946, akakamatwa Oktoba 1952, na hakuachiwa huru hadi Agosti 1961. Mtu akikuonyesha nakala yenye "Nairobi, 1956" na jina lake, mwambie asante uende. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana, kwa upande mwingine, alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mpaka 1974, na kitabu chake mashuhuri juu ya Ulaya na Afrika kilitoka 1972, kikachapwa London na hapa Dar. Maandishi ya kukabidhi yenye jina la mwanafunzi na mwaka kati ya hiyo miwili yanakaa vizuri na maisha yake.

Swali la tatu: maneno yalikuwepo? Jina Tanzania lilianza kutumika mwishoni mwa Oktoba 1964. Baada ya Muungano wa Aprili nchi iliitwa kwanza Jamhuri ya Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. "Tanzania, Juni 1964" ni kosa ambalo mtu wa siku zile asingelifanya. CCM ilizaliwa tarehe 5 Februari 1977. Kabla ya hapo ni TANU ya Bara na ASP ya Zanzibar. Angalia na namna ya kuitana. "Ndugu" kwenye maandishi ya miaka ya Azimio la Arusha ni kama saa ya ukutani, huonyesha wakati, na kiongozi wa chama aliyeitwa "Mheshimiwa" na mwenzake mwaka 1970 hunifanya niangalie mara mbili. Si ushahidi kamili, ila ni dalili.

Swali la nne: wino na karatasi. Kalamu ya bolpeni ilienea sokoni baada ya Vita Kuu ya Pili, kwa hiyo bolpeni yenye tarehe ya 1939 ni uongo wa wazi. Wino wa jeli ni wa miaka ya 1980 na kuendelea. Chukua kioo cha kukuzia: wino halisi huzama kwenye nyuzi za karatasi, mistari hupandana pale herufi zinapokatana, na bolpeni huacha mfereji unaouhisi kwa nyuma ya ukurasa kwa ncha ya kidole. Sahihi iliyochapwa huonekana kama nukta ndogondogo au rangi bapa isiyo na mfereji, nayo ni ya kawaida sana kwenye vitabu vya viongozi, hasa chini ya dibaji. Muhuri wa mpira huwa na kingo nzito na katikati hafifu. Ofisi za viongozi wa nchi tajiri hutumia pia mashine ya kusaini: mkandamizo wake ni ule ule mwanzo hadi mwisho, na sahihi mbili ukizipandisha juu ya dirisha zinafanana kabisa. Hakuna binadamu anayesaini mara mbili sawasawa.

Mwisho, linganisha mkono. Usilinganishe na picha ya mtandaoni ya muuzaji mwingine. Tafuta hati ya umma. Hati za Muungano za Aprili 1964 zina sahihi za Nyerere na Karume, na picha zake zimechapishwa mara nyingi. Noti za zamani nazo zinasaidia: noti za kwanza za Tanzania za 1966 zina sahihi ya Edwin Mtei akiwa Gavana wa Benki Kuu, naye alikuja kutoa kitabu cha maisha yake mwaka 2009. Ukiweka noti na kitabu pamoja unaona mkono wa kijana na mkono wa mzee. Mkono hubadilika kwa miaka arobaini. Umbo la herufi hulegea, lakini mahali anapoinua kalamu mara nyingi hapabadiliki.

Ukurasa wa haki za uchapishaji usiuruke. Vitabu vitatu vikubwa vya hotuba na maandishi ya Nyerere, vya 1966, 1968 na 1973, vilichapwa tena na tena. Toleo linalodai kuwa la 1966 huku lina ISBN, namba ya utambulisho wa kitabu, ni chapa ya baadaye, kwa sababu namba hizo zilianza kutumika kuelekea 1970. Chapa ya baadaye iliyosainiwa bado ni nzuri, mradi bei iwe ya chapa ya baadaye.

Tano, mfuate aliyepewa

Kazi hii ndiyo inayonipa furaha kuliko zote, na wengi huiruka. Ukishapata jina kwenye ukurasa, liandike jinsi lilivyo, pamoja na makosa. Kisha uliza: huyu alikuwa nani mwaka ule? Taarifa za Bunge, magazeti ya zamani kwenye Maktaba Kuu ya Dar es Salaam au Nyaraka za Taifa za Kenya mjini Nairobi, orodha za wahitimu wa Chuo cha Kivukoni, wazee wa mtaa. Nina kitabu kidogo cha siasa chenye jina la mwanamke na neno "Kivukoni" tu. Nilitumia miaka miwili kuwauliza waliosoma pale, mpaka mama mmoja akaniambia alikaa naye bwenini. Kitabu kilichogharimu bei ya chai na vitumbua sasa kina maisha ya mtu ndani yake, na mjukuu wake ana nakala ya picha.

Usitangaze jina la mtu binafsi mtandaoni bila ruhusa ya familia. Maandishi ya kukabidhi ni barua fupi, na mengine yana siri za nyumba.

Bei na sheria

Juu ya bei nasema kidogo. Lipa kwa mpangilio huu: uhusiano kwanza, kisha toleo, kisha hali ya kitabu, umaarufu wa jina mwishoni. Kwa mjane au yatima usibane bei kwa kutumia ujinga wao wa soko; mwambie thamani unayoijua, mkubaliane. Andikishianeni risiti ya mkono yenye jina la kitabu na tarehe.

Muhuri wa maktaba ya umma au ya shule bila alama ya kuondolewa kwenye orodha maana yake simamisha mkono. Wasiliana na maktaba yenyewe kwanza. Nimewahi kurudisha viwili, na mkutubi akanifungulia stoo ambayo nisingeiona kamwe.

Upande wa ulinzi kuna hatari ya pekee. Kitabu kilichochapwa na kuuzwa dukani ni halali. Mwongozo wa mafunzo wa kambi, ramani za kijeshi au chochote chenye neno SIRI ni mali ya serikali hata kikiwa kimeuzwa kwenye mkeka. Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970, na Kenya ina yake ya siri za serikali. Usinunue, usipige picha, usibebe nyumbani ukidhani unaokoa historia.

Utunzaji kwenye joto letu

Pwani ndiyo adui. Kuvu huota unyevu wa hewa ukipita kama asilimia 65, na Dar, Mombasa na Unguja hupita hapo miezi mingi. Kipimo kidogo cha unyevu si ghali, kiweke rafuni. Rafu isigusane na ukuta wa nje, iwe juu ya sakafu walau shubiri moja, na hewa ipite nyuma yake. Kagua mchwa kila mwezi kwa kugonga mbao. Mapazia yafungwe: jua hufuta wino wa bluu kwa miaka michache tu.

Kitabu kipya kisiingie rafuni siku hiyohiyo. Kikitiliwa shaka ya wadudu, kifunge kwenye mifuko miwili ya plastiki isiyopitisha hewa, kiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha kiache kirudie joto la chumba kikiwa bado kimefungwa, siku nzima, ili jasho lisiloweshe kurasa. Kitabu chenye wino unaolegea au jalada la ngozi usikifanyie hivyo bila kumuuliza mtu wa nyaraka.

Selotepu marufuku. Kuleminesha ukurasa wenye mwandiko ni kuuzika. Usiandike kwa wino juu ya kitabu. Penseli laini, kona ya ndani ya jalada la nyuma, namba yako tu. Ukurasa wenye mwandiko utenge kwa karatasi isiyo na asidi, na ukimwonyesha mgeni, osha mikono uikaushe. Nakuomba, mshike mkono hata rafiki yako anayetaka kupitisha kidole juu ya sahihi.

Daftari

Kila kitabu kiwe na ukurasa wake kwenye daftari la karatasi, na picha zihifadhiwe sehemu mbili. Andika: namba, mwandishi, toleo, maneno ya mwandiko neno kwa neno, rangi ya wino, umekipata kwa nani na lini, ulilipa kiasi gani, alichosema muuzaji juu ya asili yake, na ulichothibitisha mwenyewe. Hayo mawili ya mwisho yatenge kwa mstari. Maneno ya muuzaji ni fununu, na miaka kumi baadaye utasahau lipi ulilisikia na lipi uliliona.

Kisha andika wasia wa vitabu, karatasi moja tu. Taja viende wapi, kwa jina la taasisi uliyokwisha kuzungumza nayo na ikakubali, si "maktaba yoyote". Taja anayejua daftari lilipo. Wangu anao mtoto wa dada yangu. Kila Desemba hunisaidia kuvihesabu, na mwaka jana alinikumbusha kitabu kimoja kilichokuwa kimeazimwa tangu Machi.